Faili limefika, namba zimebaki njiani

Muulize muuzaji yeyote wa programu za uhandisi kama bidhaa yake inapokea ReqIF, aina ya faili la kubadilishana matakwa ya uhandisi kati ya kampuni na kampuni. Atakujibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Wala hadanganyi, inapokea kweli. Swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye maonyesho yao, kati ya kahawa ya bure na kalamu zenye nembo, ni hili: nikikupa faili, ukalifanyia kazi, ukanirudishia, nitalitambua?

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeangukia Hamburg, na kazi yangu ni matakwa. Si ya mahari, ni ya mifumo. Kampuni ninayofanyia kazi si kubwa, inatengeneza vali na vihisi vya mifumo ya maji ndani ya ndege. Mteja anatuma anachotaka: vali ifunge ndani ya muda fulani, istahimili baridi kiasi fulani, umeme ukikatika ibaki imefungwa. Mimi nayapokea, nayagawa kwa wenzangu wa umeme, wa programu na wa maabara, halafu narudisha majibu. Hili tunaliweza, hili tufafanulieni, hili kwa bei hiyo tusidanganyane.

Zamani yote haya yalikwenda kwa Word, Excel na PDF. Kwa wengi bado yanakwenda hivyo, na wala siwacheki. Lakini kwenye ndege takwa haliishi peke yake. Lina mzazi kwenye takwa la mfumo mzima, lina watoto kwenye programu na vifaa, na lina jaribio lililolithibitisha. DO-178C inayosimamia programu za ndani ya ndege inadai nyuzi hizo, na ARP4754 inazidai kwa mfumo kwa ujumla. Mkaguzi anapokaa mezani hasomi kila kitu. Ananyoosha kidole kwenye takwa moja na kusema: hili limetoka wapi, limezaa nini, nani amelipima? Kama kila barua pepe imeleta Excel mpya yenye mistari iliyopangwa upya, hapo ndipo jasho linapoanza.

ReqIF ilitengenezwa kwa ajili ya shida hiyo. Chimbuko lake si anga hata kidogo, ni watengeneza magari wa Ujerumani waliokuwa wakiiita RIF. Shirika la OMG la Marekani, linaloandika viwango vya programu, likaichukua na kuichapisha mwaka 2011, na toleo la 1.2 ni la 2016. Ni kiwango huria: hati yake unaipakua bure, unaisoma mwenyewe, na unaruhusiwa kuandika programu ya kuisoma bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa ngoja nikufungulie faili lenyewe. Faili la .reqifz ni zipu tu, ndani yake kuna XML, yaani data iliyoandikwa kama maandishi yenye alama za kuipanga, na picha zinazoambatana nayo. Kila takwa limefungwa ndani ya kitu kinachoitwa SPEC-OBJECT, pamoja na sifa zake, tarehe ya badiliko la mwisho, na kitambulisho kilichoandikwa IDENTIFIER. Mpangilio wa sura na vifungu umewekwa pembeni, kwenye SPEC-HIERARCHY, na nyuzi kati ya takwa na takwa ziko kwenye SPEC-RELATION. Waliopanga hivi walikuwa na akili. Ukilihamisha takwa kutoka sura ya 3 kwenda ya 5, takwa lenyewe haliguswi, kinachobadilika ni mpangilio tu. Na kila kitu kinashikana kupitia ile IDENTIFIER, ambayo ni kama namba ya NIDA: mtu atahama mkoa, atabadili jina akiolewa, namba ni ileile.

Kuna mshirika mmoja, simtaji na wala haina haja, tulimtumia matakwa yetu kwa njia hii ayawekee maoni. Akarudisha kwa wakati, maoni yapo, lugha safi. Tukaingiza faili kwenye programu yetu. Sehemu kubwa ya matakwa ikakaa mahali pake. Sehemu nyingine ikaingia kama matakwa mapya kabisa. Kwenye kioo ukaona takwa lilelile mara mbili: la kwanza lina nyuzi zake zote lakini halina maoni, la pili lina maoni lakini halina uzi hata mmoja, yatima.

Watu wakaanza kutafuta mchawi. Mmoja akasema ni sura ya umeme, maana aliyoyaona yeye yalikuwa ya umeme. Mwingine akasema ni yale yaliyobadilishwa baada ya tarehe fulani. Mwingine akasema ni yenye picha. Kila nadharia ilikubaliana na mifano michache, kisha ikavunjika. Mwisho nikaacha programu zote mbili, nikafungua XML zenyewe kwa mhariri wa maandishi, la kwenda kushoto, la kurudi kulia.

Tofauti ilikuwa alama moja. Kistari cha chini, hiki: _

Iko hivi. Sheria za XML zinasema kitambulisho cha aina ile hakiruhusiwi kuanza na tarakimu. Lakini programu nyingi huzalisha vitambulisho vya heksadesimali, yaani vya tarakimu zikichanganywa na herufi sita, ambavyo vingine vinaanza na 0 hadi 9 na vingine na herufi a hadi f. Programu yetu ilikuwa inaweka kistari cha chini mbele ya vyote, ili isihangaike kuchagua. Programu ya mshirika ilipoingiza faili ilikivua kile kistari. Ilipotoa faili ilikirudisha, lakini pale tu kilipohitajika, yaani mbele ya tarakimu. Kwa hiyo vitambulisho vilivyoanza na tarakimu vilirudi nyumbani salama, na vilivyoanza na herufi vilirudi bila kistari, na kwetu vikaonekana wageni. Sura, tarehe na picha hazikuhusika hata chembe.

Mafaili yote mawili yalikuwa halali. Ukiyapitisha kwenye skima ya ReqIF, yaani kanuni rasmi za muundo wake, yote yanapita bila onyo. Ukimpigia simu muuzaji wa upande wowote, atakuambia kwa dhati kabisa kwamba bidhaa yake inafuata kiwango. Ndiyo maana siku hizi neno "inafuata kiwango" likitamkwa kwenye kikao, mimi naendelea kunywa chai yangu. Ninachotaka kuona ni safari ya kwenda na kurudi, na ninaitaka kabla ya mkataba kusainiwa. Baada ya hapo kila marekebisho ni ankara.

Tunalo faili dogo la uchokozi kwa kazi hiyo. Lina takwa lenye jedwali ndani, takwa lenye alama za °C na µm, takwa lililofutwa kati ya tuma ya kwanza na ya pili, takwa lenye uzi unaoelekea hati nyingine, na orodha ya kuchagua ambayo sisi tunaandika "imekubaliwa" na wao wanaandika kwa maneno yao. Tunalituma, wao wanabadilisha neno moja tu mahali fulani, wanarudisha. Kama kilichobadilika upande wetu ni zaidi ya neno hilo moja, mazungumzo yanaendelea.

Jedwali ndilo linalowaangusha wengi. Mtu alinakili jedwali la halijoto kutoka Excel akalibandika ndani ya takwa. Programu yake inalihifadhi kama kitu cha Excel kilichopachikwa, na ReqIF inataka kitu cha namna hiyo kisindikizwe na picha, ili asiyeweza kukifungua angalau akione. Upande wa pili mhandisi anaona jedwali zuri tu. Hajui kwamba anaangalia picha. Namba zilizomo hazitafutiki, hazilinganishiki na za toleo lililopita, na kitu hicho cha Excel kikibadilika bila picha yake kubadilika, atakuwa anasoma halijoto ya zamani. Mimi ningepiga marufuku majedwali yaliyobandikwa. Wenzangu wananiona mkali.

Kwa kuwa tumefika kwenye namba, kuna mkasa wa NASA ambao kila mhandisi ameusikia nusu. Chombo cha Mars Climate Orbiter kilirushwa Desemba 1998 na kikapotea tarehe 23 Septemba 1999, kilipokuwa kinaingia kwenye mzunguko wa Mirihi. Nusu inayojulikana ni kwamba mkandarasi alikokotoa msukumo wa injini ndogo kwa pauni, na waongozaji njia wakausoma kama nyutoni, tofauti ya takriban mara 4.45. Chombo kikapita kama kilomita 57 juu ya sayari, wakati chini ya kilomita 80 hivi kisingeweza kupona.

Nusu nyingine iko kwenye ripoti ya bodi ya uchunguzi, na ndiyo inayonihusu mimi. Hati ya makubaliano ya faili ilikuwepo, na ilisema kipimo ni cha kimetriki. Kiwango kilikuwepo! Lakini kwa miezi minne ya mwanzo ya safari mafaili hayo hayakutumika kabisa kukokotoa njia, kwa sababu yalikuwa na makosa ya fomati. Badala yake timu ya njia ilitegemea barua pepe kutoka kwa mkandarasi. Mafaili yalipoanza kusomeka, Aprili 1999, ndani ya wiki moja hivi watu walianza kuona namba zisizoingia akilini, na muda wa kulifuatilia jambo ulikuwa umeshaliwa. Kile kipande cha barua pepe ndicho ninachokijua kwa sura. Faili rasmi likigoma, hakuna anayesimamisha kazi. Kazi inahamia kwenye barua pepe, na kuanzia hapo hakuna tena anayelipima lile faili.

Hapa Hamburg ukitaja mada hii lazima mtu alete ndege ya Airbus A380. Mwaka 2006 ilibainika kwamba vipande vya ndege hiyo vilivyotoka Hamburg vilifika Toulouse na nyaya zisizotosha, kwa sababu pande mbili zilitumia matoleo tofauti ya CATIA, programu ya kuchora vipande, la 4 na la 5. Ndege moja ina nyaya za zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo halikuwa jambo la kuongeza kiunganishi ukaenda nyumbani. Hisa za kampuni mama zilishuka kwa zaidi ya robo kwa siku moja mwezi Juni. Mahubiri ya kawaida ni kwamba kila kampuni ingetumia programu ya muuzaji mmoja, yasingetokea. Lakini hao walikuwa na muuzaji mmoja! Jina lilelile kwenye sanduku, matoleo mawili. Mfano huu umetumiwa na kila muuzaji wa programu kuuza programu zaidi, na mimi nimeuchoka.

Upande ambao kwa maoni yangu umelielewa suala hili vizuri zaidi ni wa michoro ya 3D, kupitia kiwango cha STEP, yaani ISO 10303. Anga walikuwa na sehemu yao, AP203, na magari yao, AP214. Mwaka 2014 zikaunganishwa kuwa AP242. Juu yake kuna LOTAR, ushirika wa makampuni ya anga ya Ulaya na Marekani unaoshughulika na jambo moja tu: mchoro uliohifadhiwa leo utafungukaje baada ya miaka 50? Si swali la kinadharia. Ndege ya mabomu ya B-52 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962 na Jeshi la Anga la Marekani linapanga kuirusha hadi miaka ya 2050. Hakuna programu ya uhandisi iliyowahi kuishi umri huo, na wengi wa wauzaji walioiuza hawapo.

Wanachofanya LOTAR ni hiki. Unapohifadhi mchoro, unaandika ndani ya faili lilelile ujazo wa kipande, eneo la uso wake, na kitovu chake cha uzito, kama programu iliyokichora ilivyovikokotoa. Mjukuu wako akifungua faili kwa programu ambayo haijazaliwa, programu hiyo inakokotoa upya na kulinganisha. Zikilingana ndani ya tofauti ndogo inayoruhusiwa, mchoro umefika salama. Zisipolingana, anajua hapohapo, kabla hajakata chuma. Faili limesafiri na mtihani wake na majibu yake. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliona wivu wa kweli. Hebu fikiria faili la matakwa linalobeba idadi ya matakwa, idadi ya nyuzi, na muhtasari wa kihesabu wa maandishi ya kila takwa, ili mpokeaji ajikague mwenyewe. Ile kasheshe ya kistari ingegunduliwa kabla mtu hajamaliza kikombe.

Majeshi yana sababu ya ziada ya kupenda viwango huria, nayo ni pesa. Anayeshika data ndiye anayeshika matengenezo. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, imelalamika zaidi ya mara moja kuhusu ndege ya kivita ya F-35, kwamba jeshi halikujipatia data za kiufundi za kutosha na linabaki kumtegemea mkandarasi kwenye matengenezo. Sheria yao ya bajeti ya ulinzi ya 2017 ikaagiza miradi mikubwa ya kuanzia 2019 isanifiwe kwa moduli na mipaka iliyo wazi. Mwaka 2018 Pentagon ikatoa na mkakati wa uhandisi wa kidijitali. Nimeusoma. Una michoro mingi ya mishale.

Halafu kuna SysML, lugha ya kuchora mifumo, ambayo kwa miaka mingi ilinikatisha tamaa. Toleo la kwanza lilichapishwa 2007, na njia yake ya kubadilishana mafaili, XMI, ilikuwa kiwango kwa jina. Unahamisha modeli kutoka programu moja kwenda nyingine, vipengele vinafika, michoro inabaki nyuma au inafika imevurugika, na mtu anakaa wiki nzima akivuta visanduku kwa panya. ISO nao walikuwa na jibu lao, AP233, lililochapishwa 2012 mahususi kwa data za uhandisi wa mifumo. Limeandikwa kwa umakini mkubwa. Kazini kwangu sijawahi kuletewa faili lake hata moja.

SysML v2, ambayo OMG iliipitisha rasmi mwaka 2025, imenirudishia matumaini kidogo, kwa sababu mbili zisizo na mbwembwe. Modeli inaandikwa kwa maandishi ya kawaida, kwa hiyo unaweza kuiweka kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, na kuona mstari gani umebadilika, kama waandishi wa programu wanavyofanya siku zote. Na vipimo ni sehemu ya lugha: ukiandika 12 unaiandikia kilo au nyutoni yake hapohapo, na kuna maktaba ya vipimo vya SI pamoja na vile vya Kimarekani. Pia imekuja na kiolesura cha seva kilichosanifiwa, ili programu ziulizane moja kwa moja badala ya kurushiana zipu. Hicho nitakiamini nikikiona kati ya kampuni mbili zenye kuta za usalama na wanasheria. Mteja wa ulinzi hatakufungulia seva yake leo wala kesho. Atakupa faili, kupitia lango lililokaguliwa, na pengine kwenye diski iliyosainiwa.

Wanafunzi wa uhandisi wa Dar na Nairobi huniuliza waanzie wapi bila leseni za maelfu ya yuro. Vipo vya bure. ProR ya mradi wa Eclipse ilijengwa juu ya ReqIF yenyewe. Ni ya kizamani kwa sura lakini inakuonyesha muundo bila kuficha. StrictDoc ni changa zaidi na inatoa ReqIF pia. Capella, iliyozaliwa Thales na sasa ni huria, ni ya modeli za mifumo, na wanaotengeneza setilaiti ndogo chuoni wataipenda.

Andika matakwa kumi ya kitu unachokijua, mita ya maji kwa mfano. Yaunganishe, weka jedwali moja, weka °C. Toa kutoka StrictDoc, ingiza ProR, badilisha neno moja, rudisha, kisha linganisha mafaili mawili ya XML mstari kwa mstari. Jina la faili likiishia .reqifz, libadilishe liwe .zip ndipo ulifungue. Na usitumie Notepad ya Windows kwa faili kubwa, itakwama. Tumia kitu chenye uwezo wa kupanga XML, maana programu nyingi hutoa faili zima kwenye mstari mmoja.